Kilichomfanya Mtoto Awahi

Maji yalimtoka akiwa ameshika kola ya shati. Hakusikia uchungu wowote. Alihisi tu joto likimshuka mapajani, likalowesha gauni, likachuruzika kwenye kiti cha mbao hadi sakafuni, chini ya kanyagio la cherehani. Jambo la kwanza lililomjia akilini halikuwa mtoto. Aliwaza: nimejikojolea, tena mbele za watu.

Na si ajabu aliwaza hivyo, maana alikuwa amebana mkojo tangu asubuhi. Shule zilikaribia kufunguliwa na karakana nzima ilikuwa mbio mbio kumaliza sare. Choo kilikuwa kimoja, nyuma ya stoo, chenye kufuli, na ufunguo uliishi mfukoni mwa msimamizi, mwanamke ambaye washonaji walimpa jina la Kengele kwa sababu ya sauti yake. Aliyebanwa alinyoosha mkono kama mwanafunzi na kujibiwa, "Maliza hiyo kwanza." Mjamzito alilazimika kunyoosha mara nyingi kuliko wenzake, na Kengele alikuwa na utani wake: "Wewe una kibofu au una bomba lililopasuka?" Watu wakacheka. Siku ya pili wakacheka tena. Siku ya tatu mshonaji akaacha kunywa maji. Asubuhi alilowesha koo tu, kiu nyingine akaiweka hadi arudi nyumbani.

Kwa wiki kadhaa sasa, kila akipata huo ufunguo, mkojo wenyewe ulimuunguza kama umetiwa pilipili, na kiuno kilimkaza. Alijiambia ni mimba.

"Dada," sauti ilimwita kutoka cherehani ya jirani. Alikuwa Mrefu, mwenzake aliyepewa jina hilo kwa sababu magoti yake hayakuwahi kuenea chini ya meza yoyote. Alikuwa anatazama sakafuni. "Dada, hayo si mkojo. Chupa imepasuka."

"Bado. Ndiyo kwanza miezi saba."

"Mtoto hajui kuhesabu. Inuka."

Kengele alifika kabla hajainuka. Aliona maji yanavyotambaa kuelekea ukutani, ambako majora ya kitambaa cha bluu yalikuwa yamesimamishwa.

"Kitambaa!" alipiga kelele. "Toeni kitambaa!"

Washonaji wawili walirukia majora wakayabeba juu juu kama watu wanaookoa watoto kwenye mafuriko. Mrefu alichukua kipande cha sketi ambacho hakijapindwa, akamfunga mwenzake kiunoni, akamshika mkono. Walipofika mlangoni Kengele aliwauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Sasa hizo kola atamalizia nani?"

Mrefu hakugeuka. "Zimalizie wewe," alisema, na karakana yote ikainua vichwa, maana hapakuwa na mtu aliyewahi kumjibu hivyo.

Hospitalini, mama mkwe alifika wa kwanza. Waliishi naye nyumba moja, na Mrefu alikuwa amempigia simu. Alikuja na beseni, mashuka, chupa ya chai na maombi yake yote, akasimama kwenye kichwa cha kitanda kama askari wa zamu. Mume alifuata baadaye kidogo, mikono bado myeusi kwa grisi. Alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa ameacha gurudumu la mtu likining'inia kibandani.

Daktari, msichana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, aliuliza haraka haraka huku anapima.

"Umeanguka?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekupiga? Usiogope kusema."

"Hapana, daktari."

"Damu imetoka? Presha unayo? Umewahi kujifungua kabla ya wakati? Ndani ya nyumba kuna mtu anavuta sigara?"

"Hapana. Hii ndiyo mimba yangu ya kwanza."

"Ukikojoa, panauma?"

Hapo mshonaji alisita. Kule mtaani kwao, mwanamke aliyeumwa na mkojo alisemwa kwa sauti ya chini, kwa kuegemeana mabega. Aliinua macho akakutana na ya mama mkwe wake, yamemtazama kwa wema, yanangoja jibu.

"Hapana," alisema.

Daktari alimwangalia muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaagiza mkojo ukapimwe. Alimchoma sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, akasema wangejaribu kumzuia asitoke upesi. Walimzuia siku moja tu. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, mtoto alitoka, wa kike, akalia sauti nyembamba kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Mama yake alionyeshwa mara moja tu kabla hajachukuliwa mbio: uso wa kizee, ngozi nyembamba iliyoonyesha mishipa, paja lisilozidi kidole gumba cha mtu mzima.

"Ni njiti," nesi aliyebaki alimwambia kwa upole huku akimfuta jasho. "Lakini amelia. Mshukuru Mungu kwa hicho kilio."

Alasiri, daktari alirudi wodini. Homa ilikuwa imeshampanda mzazi, meno yanagongana. Mume alikuwa upande mmoja wa kitanda, mama mkwe upande wa pili.

"Majibu ya mkojo yametoka," daktari alisema, na kwa uchovu hakukumbuka kushusha sauti. "Una maambukizi, tena si kidogo. Pengine ndiyo yaliyopasua chupa. Siwezi kuapa, lakini pengine. Nilikuuliza jana. Kwa nini hukusema panauma?"

Mshonaji alifumba macho. Kwenye kitanda cha jirani, mgonjwa aliyekuwa anakunywa uji alisimamisha kijiko.

*

Chini ya dirisha la wodi palikuwa na benchi la saruji ambapo ndugu wa wagonjwa walipumzika. Mama mkwe alimvuta mwanawe hadi hapo.

Hakuwa mwanamke mbaya. Tangu jana hakuwa ameketi; alifua mashuka yenye damu kwa mikono yake, akapika uji, akambembeleza mkwewe kama alivyombembeleza mwanawe mwenyewe zamani. Lakini alikuwa amekiona kile kiumbe kupitia kioo cha chumba cha watoto, na hofu iliyomwingia ilikuwa kubwa mno kukaa nayo peke yake. Ilitaka mtu wa kulaumiwa.

"Umemsikia daktari," alianza.

"Nimemsikia, Mama."

"Maambukizi. Ya huko chini. Kwanza nilidhani ni ile ndoo aliyonyanyua juzi, nikamkemea. Kumbe nilikuwa namkemea bure, ndoo wala haina kosa. Mwanangu, ugonjwa wa namna hiyo hauokotwi njiani. Mimi nimezaa, sijawahi kuumwa mkojo hata siku moja."

"Mama, taratibu."

"Niende taratibu vipi? Yeye anatoka asubuhi anarudi jioni. Wewe unajua huko anakaa na nani? Na mbona alimficha daktari? Mtu anaficha jambo lisilo na aibu?"

Fundi baiskeli alikuwa anajikwangua grisi kwenye kucha. Angeweza kusema, Mama, acha. Maneno mawili tu. Alimjua mkewe, hakuwa na sababu moja ya kumshuku. Lakini alikuwa amechoka, alikuwa anaogopa, na lile swali la mwisho la mama yake lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kwa hiyo alinyamaza, na mama yake akachukulia kunyamaza kwake kuwa ni kukubali.

Aliporudi ndani alimkuta mkewe amejifunika shuka hadi shingoni, anatetemeka. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Hayo maambukizi," alisema, "yametoka wapi?"

Mkewe alimtazama. Alimtazama kwa muda hadi mume akaona haya, kisha akageuza uso akautazama ukuta.

*

Chumba cha watoto njiti kilikuwa na joto kama jiko. Kilitawaliwa na nesi mnene mwenye mikono mizito kuitazama, lakini aliyeweza kupitisha mrija mwembamba kwenye pua ya mtoto bila mtoto kujua. Vitanda vya joto havikutosha. Watoto walilazwa wawili wawili, na binti wa mshonaji alilazwa na mvulana aliyemzidi kidogo. Maziwa ya mama yake yalikamuliwa wodini, yakaletwa ndani ya kikombe kilichofunikwa, yakatiririshwa mrijani matone machache.

Siku iliyofuata, fundi baiskeli alikuwa amesimama mlangoni wakati rangi ya binti yake ilipobadilika. Kifua kilikuwa kimetulia. Kabla hajaweza hata kupiga kelele, nesi alinyoosha kidole akamgonga mtoto kwenye unyayo, tap, tap, na kifua kikaanza tena kupanda na kushuka.

"Wanasahau kupumua," nesi alisema. "Kazi bado ngeni kwao. Wewe ndiye baba?"

"Ndiyo, nesi."

"Huyu anataka kifua cha mtu. Akilala ngozi kwa ngozi, anasikia moyo unadunda, anasikia mwenzake anavuta pumzi, basi naye anakumbuka. Mama yake homa haijamwachia, hata kukaa hawezi. Bibi yupo?"

Mama mkwe alikuwa nyuma yake. Alirudi hatua moja.

"Mimi? Nesi, mikono yangu imeshaanza kutetemeka. Nitamvunja."

"Havunjiki huyo. Haya, baba, vua shati."

Fundi alidhani ni mzaha. Nesi hakuwa anatania. Alimpeleka kwenye bomba, akampa sabuni na brashi, akasimama pale pale kuhakikisha, na grisi ilipogoma kutoka alichukua brashi mwenyewe akamsugua kucha moja moja kama mtoto wa chekechea. Kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani walikaa mama wanne, kila mmoja na furushi lake kifuani. Fundi alipoketi miongoni mwao, kifua wazi, hakujua macho ayaweke wapi.

"Leo tumeletewa mama mwenye ndevu," alisema mmoja wao, na wote wakacheka, kwa kujizuia, wasiwatikise watoto.

"Karibu kwenye chama," alisema mwingine. "Usikohoe tu."

Nesi alimlaza mtoto katikati ya kifua chake, akampinda miguu kama ya chura, akamgeuza shavu, akamfunga kwa shuka. Hakuwa na uzito. Fundi aliwahi kubeba magurudumu mazito kuliko huyu kwa kidole kimoja. Lakini alikuwa na joto, na alikuwa na kucha, na kucha hizo, ndogo kama punje za chumvi, zilimkwaruza. Basi alikaa bila kujisogeza hadi mgongo ukafa ganzi.

Nesi alipopita tena, alimwita kwa sauti ya chini.

"Nesi. Huo ugonjwa wa mkojo... mtu anaupata vipi?"

Nesi alisimama. Aliangalia kushoto na kulia, akavuta kiti akakaa karibu.

"Wanaume mnaniuliza hivyo kila mara, na kila anayeuliza anauliza ameinamisha kichwa. Nitakujibu. Mwanamke mwenye mimba, mtoto anakalia kibofu, mkojo hauishi wote. Asipokunywa maji ya kutosha, au akiubana muda mrefu, wadudu wanapata mahali pa kuzaliana. Basi. Hata mwanamke aliyefungiwa ndani peke yake na Kitabu cha Mungu anaupata. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na hata hivyo hatuna hakika kama ndiyo huo. Unawaona hawa? Yule, presha. Yule, mapacha. Huyu aliyekuita mwenye ndevu, mimba zilifuatana mno, mwili haukupumzika. Yule wa dirishani tumepima kila kinachopimika, hatukuona kitu. Mtoto alitaka kuja tu, akaja. Watu wanapenda kupata mtu wa kumnyooshea kidole. Mimi napenda wapate mtoto wa kurudi naye nyumbani." Aliinuka, kisha akakumbuka jambo. "Mkeo anafanya kazi gani?"

"Anashona. Sare za shule."

"Anakaa siku nzima? Huko kazini choo kipo karibu?"

Fundi alijua mkewe anashona mashati mangapi kwa siku. Alijua jina la utani la msimamizi. Kama kuna choo, na kama kiko karibu, hakujua.

*

Kesho yake mama mkwe ndiye aliyekwenda karakana, kuchukua mkoba ambao mkwewe aliuacha chini ya meza na kumwombea ruhusa ya ugonjwa. Mwanawe alimpa taarifa ya yale aliyoyasema nesi, naye alisikiliza akiwa amekaza midomo. Manesi, alijibu, wana maneno mazuri kwa kila mtu.

Kengele alimwonyesha benchi karibu na mlango. "Subiri hapo, bibi. Mwenye karakana anakuja na mgeni. Ruhusa anatoa yeye."

Alisubiri. Cherehani zilinguruma zote pamoja, vumbi la nyuzi likielea. Hapakuwa na aliyeinua kichwa. Alikuwa amekunywa chai hospitalini, vikombe viwili, kwa sababu ya baridi ya asubuhi, na haukupita muda chai ikaanza kudai njia. Alivumilia kwanza, kwa heshima ya mgeni. Aliposhindwa alimwendea Kengele.

"Mwanangu, choo kiko wapi?"

"Kimefungwa, bibi. Subiri kidogo nimalize kuhesabu hizi."

Alirudi kwenye benchi, akabana magoti. Cherehani ya tatu, msichana alinyoosha mkono. Kengele hakumtazama hata usoni. "Maliza hiyo kwanza." Msichana akashusha mkono, akaendelea kushona, na mguu wake mmoja, ule usiokanyaga, ukawa unatikisika chini ya meza.

Mama mkwe alimtazama yule msichana. Akatazama cherehani iliyo tupu pembeni yake, mkoba wa mkwewe ungali chini ya meza.

Mrefu alipita na rundo la mashati, akajifanya ameangusha moja karibu na benchi. Aliinama kuliokota.

"Shikamoo, Mama. Mtoto anaendeleaje?"

"Marahaba. Anapigana. Mwanangu, hapa ndivyo ilivyo kila siku?"

"Ndivyo. Mkweo alikuwa hanywi maji ili asiombe. Siku nyingine akitoka huko chooni machozi yamejaa, anasema panamuunguza, nikamwambia nenda hospitali, akasema tukimaliza sare." Mrefu alilikung'uta shati. "Tulikuwa tunacheka, Mama. Yule akimtania, na sisi tunacheka. Mimi pia."

Alikwenda zake. Mama mkwe alibaki pale, chai inamchoma tumbo la chini, jasho jembamba linamtoka. Alijaribu kuwaza siku nzima ya hali hii. Alijaribu kuwaza siku nzima ya hali hii na mtoto amekaa juu ya kibofu. Wakati huo mlango ulifunguliwa, akaingia mwenye karakana, mwanaume mchangamfu mwenye saa kubwa, akimwongoza mwalimu mkuu wa shule aliyekuja kukagua sare. Kengele aliruka na tabasamu usoni.

"Karibu mwalimu, karibu, hapa ndipo..."

"Mwenye mali ni nani?" Sauti ya mama mkwe ilipita juu ya cherehani zote. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kitambaa cha kichwa kimemlegea.

"Ni mimi, mama," alisema mwenye karakana. "Kuna nini?"

"Mimi ni mtu wa kuitwa bibi. Nimekuja hapa kwa amani, nikaomba choo, nimeombeshwa kama naomba urithi wa watu. Sasa sikilizeni. Mkwe wangu alikaa kwenye kiti kile pale na tumbo la miezi saba, akawa anaomba kama nilivyoomba. Leo yuko hospitali ana homa, na mjukuu wangu anapumulia kifuani mwa mwanangu kwa sababu vitanda havitoshi. Madaktari watasema sababu wanazozijua wao. Mimi nasema niliyoyaona. Nifungulieni mlango, au nitajisaidia hapa hapa, juu ya kitambaa cha mwalimu."

Cherehani moja baada ya nyingine zilinyamaza. Mahali fulani nyuma mtu alicheka, kicheko kikamtoka puani. Mwalimu mkuu alitazama viatu vyake, kisha akamtazama mwenye karakana. Kengele alikuwa anapapasa mfuko, ufunguo umemnasia kwenye uzi.

"Mfungulie mama," alisema mwenye karakana. "Mfungulie upesi."

Mama mkwe alitembea kuelekea nyuma ya stoo, si kwa haraka, amenyoosha mgongo. Msichana wa cherehani ya tatu aliinuka akamfuata bila kunyoosha mkono, na wa pili akamfuata msichana, hadi ukawa mstari. Ilibidi wangoje. Bibi alikaa humo ndani muda mrefu kuliko haja yake. Aliyekuwa mbele ya mstari alisema baadaye kwamba alimsikia anapenga kamasi, na anajisemea peke yake: "Eti hauokotwi njiani. Mdomo huu. Mdomo huu mimi."

*

Homa ilikuwa imemwachia mshonaji mchana ule, akahamishiwa kwenye kiti cha plastiki, mtoto kifuani. Mama mkwe alimkuta hapo. Aliweka mkoba chini, akaufuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Nimekuletea mkoba wako."

"Ahsante, Mama."

"Nilikaa kwenye lile benchi lao." Akaugeuza mkoba upande wa pili. "Nilibanwa, mwanangu, nikaona nyota mchana."

Mshonaji alikuwa anamtazama mtoto.

"Kuna maneno niliyasema juzi. Wewe hukuyasikia, lakini..."

"Niliyasikia, Mama. Benchi liko chini ya dirisha."

Mama aliyekuwa kiti cha jirani aligeuka upande wa pili, akajifanya anamnyonyesha mtoto ambaye alikuwa amelala. Mama mkwe alizoea kuomba msamaha kwa kupika, kwa kufua, kwa kuacha kipande kizuri kwenye sahani ya mtu. Hapa hapakuwa na sufuria.

"Basi nilikukosea mbele ya mwanangu," alisema hatimaye, "na mbele ya mwanangu nitayafuta. Leo hii." Akaanza kufungua vifungo vya blauzi. "Nesi! Nisugue na mimi mikono."

"Ulisema utamvunja," alisema mshonaji.

"Bado naogopa. Nipe hivyo hivyo. Wewe kalale."

Mshonaji alimtazama yule mama mzima, kifua wazi mbele za watu, mikono inatetemeka kweli. Hakuwa tayari kumsamehe. Lakini mgongo ulikuwa unamkata, na mtoto alihitaji kifua, na kifua kilikuwepo. Akamfungulia shuka.

Mumewe alikuja jioni, kucha zimesuguliwa hadi zimekuwa nyekundu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama amenieleza yote."

"Amekueleza."

"Na nesi pia alikuwa ameshanieleza."

"Nesi amekueleza, mama yako amekueleza, sasa unaamini." Hakupandisha sauti. "Mimi niliyekuwa naumwa hukuniuliza."

"Nilikuuliza..."

"Uliniuliza yametoka wapi. Hukuniuliza kama yananiuma."

Fundi alinyoosha mkono kuelekea wake uliokuwa juu ya shuka. Mshonaji hakuuondoa, wala hakuugeuza upate kushikwa. Walikaa hivyo hadi kengele ya kuwatoa wageni ilipolia.

*

Mtoto alikaa hospitali majuma kadhaa. Kuna siku aliongezeka uzito, kukawa na shangwe kwenye viti vya plastiki. Kuna siku alipungua, na hakuna aliyekula. Mara mbili alisahau kupumua akiwa kwa bibi yake, na mara zote mbili bibi alimgonga unyayo kabla nesi hajafika, kisha yeye mwenyewe akahitaji kupepewa. Mvulana aliyelala naye kitanda kimoja siku za kwanza alifariki asubuhi moja. Mama yake alikunja shuka lake taratibu, akawaaga wenzake mmoja mmoja, akaondoka mikono mitupu, na kwa siku nzima chumba kile hakikusikia utani. Mchana fundi alifunga kibanda akaja zamu yake kama kawaida. Hakuna aliyemwita mwenye ndevu tena. Walimwambia tu, "Kaa hapa, baba, hapa hapana upepo."

Mrefu aliwaletea habari za karakana. Ufunguo sasa ulitundikwa kwenye msumari ukutani. Ila kazi ikipamba moto, Kengele huvuta kiti chake akakaa chini ya ule msumari. Na cherehani ya mshonaji amepewa mtu mwingine.

"Sikulaumu kwa kucheka," mshonaji alimwambia. "Siku chupa ilipopasuka ni wewe uliyenishika mkono."

Walirudi nyumbani mchana wa jua kali. Majirani walikuja na sabuni, na unga, na vijishuka, wakaacha viatu mlangoni, wakajaza mkeka. Mshonaji alikaa ameegemea ukuta, mtoto amefungwa kifuani, kichwa tu kinaonekana. Mama mkwe alikuwa anagawa chai. Fundi alisimama mlangoni, hajui kama mahali pake ni ndani au nje.

"Mdogo jamani," alisema jirani mmoja, mwanamke wa maneno mengi. "Lakini mzima. Ila tuambizane ukweli, ilikuwaje hadi awahi hivi? Wengine wanasema ulinyanyua mizigo. Wengine..." Alisita kwa namna ambayo kila mtu aliielewa, akamalizia kwa kunywa chai. "Watu wanasema mengi."

Mama mkwe aliweka birika chini. Mshonaji aliinamisha kichwa, akaanza kumrekebisha mtoto kofia ambayo haikuhitaji kurekebishwa.

"Mke wangu alikuwa mgonjwa," alisema fundi kutoka mlangoni. Sauti ilikuwa kavu, akakohoa kuisafisha. "Alikuwa anaumwa mkojo, wiki nyingi, analala kitanda kimoja na mimi, na mimi sikujua. Huko kazini alinyimwa choo, nyumbani hakuulizwa. Wanaosema mengi, waambie hivyo. Waambie umesikia kwangu."

Jirani alikodoa macho. Wanawake wengine walitazamana. Neno lenyewe, lililosemwa siku zote kwa kunong'ona, lilikuwa limesemwa na mwanaume, mchana, mlango wazi. Kisha mmoja wao, mama wa makamo aliyekuwa kimya tangu aingie, alisema polepole, "Hata mimi ule wangu wa pili ilikuwa hivyo hivyo. Sikuwahi kumwambia mtu."

Mshonaji aliinua uso. Alimtazama mumewe aliyesimama kwenye jua la mlangoni, mikono inamning'inia. Halafu akasogea kidogo kwenye mkeka, akavuta gauni lake pembeni, akamwachia nafasi ya kukaa.